Mashine haikufika, na sasa kuna anayetaka ada ili anirudishie pesa zangu

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41, na ni fundi wa kushona nguo hapa Arua. Nina kibanda karibu na soko, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Mume wangu ni askari jeshi na yuko Somalia tangu Machi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoizoea kambini, na pia kwa sababu sitaki kuyaeleza haya kwa lugha ya nyumbani, ambayo kila anayeielewa ni ndugu yangu.

Tangu mwaka jana nimetamani mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Kwa kuwa sina, kila sketi na kila kaptula naipeleka kwa fundi jirani, naye hunitoza shilingi 500 kwa nguo moja. Si pesa nyingi, lakini mwezi wa nane tulitupiana maneno kwa ajili ya nguo alizozichelewesha, na tangu siku hiyo nikimpelekea kazi huona kama nakwenda kupiga magoti.

Septemba niliona video ya muuzaji wa Kampala akipita katikati ya mashine zilizopangwa, akisema duka lake liko katika jengo moja la maduka katikati ya mji. Bei yake ilikuwa 1,200,000, na hapa Arua nilikuwa nimeambiwa 1,900,000. Tuliandikiana kwa WhatsApp siku nne. Alijibu kila swali, akanitumia picha za mota na za meza, na siku moja alinikataza nisiharakishe, akisema nizunguke kwanza nilinganishe bei. Mpaka leo neno hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mume wangu alikuwa ametuma 700,000 za mashine, akinionya nisinunue kitu ambacho sijakishika kwa mikono. Nikaongeza 500,000 za mkopo kutoka kikundi chetu cha akiba. Nilipotuma pesa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Muuzaji akasema huyo ndiye mtunza fedha wa duka. Kesho yake alinitumia picha ya risiti ya mzigo wa basi, ambayo nimeiambatisha hapa. Jioni akapiga simu kwamba mzigo umezuiwa njiani kwa sababu ya kodi, na kwamba inahitajika 180,000 kwenye namba nyingine. Nikatuma. Hizo 180,000 sijamwambia mtu yeyote, hata mpwa wangu anayejua mengine yote, kwa sababu wakati nazituma moyo wangu ulikuwa umekwisha kujua.

Asubuhi tatu mfululizo nilisimama kwenye stendi ya mabasi kabla ya jua kuchomoza, nikiwatazama vijana wakishusha magunia na magodoro. Siku ya tatu karani wa mizigo aliisoma ile picha kwenye simu yangu, akanitazama, akanirudishia simu bila kusema neno.

Nilipiga simu kwenye huduma ya wateja ya kampuni ya simu, nikaeleza zile 1,200,000 tu. Waliniambia kwamba namba ile haina salio na kwamba niende polisi. Nilifika mpaka mlangoni pa kituo, nikamkuta askari anayemfahamu mume wangu, nikasema nimepita kusalimu.

Sasa nina mambo matatu. Mpwa wangu, kupitia rafiki yake anayesajili laini za simu, amepata picha na namba ya kitambulisho cha yule mwanamke. Ni mama mzee wa wilaya nyingine. Mpwa anataka kuisambaza picha hiyo katika vikundi vyote vya WhatsApp vya Arua na neno MWIZI juu yake, nami nimekaribia kumruhusu, ingawa najua kwamba laini si lazima iwe mikononi mwa mwenye jina. Mimi mwenyewe mwaka 2018 nilimsajilia laini mteja wangu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, kwa kitambulisho changu, na leo sijui laini ile iko wapi.

Pili, wiki iliyopita alinipigia mwanamume mwenye sauti ya heshima, akasema anatoka katika kitengo cha Kampala kinachorejesha pesa zilizoibwa mtandaoni. Alitaja jina langu na kiasi, 1,380,000. Anasema mwizi ameshikwa na pesa zimezuiwa, na kwamba nikilipa 250,000 za kufungua faili nitarudishiwa zote ndani ya siku moja.

Tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi. Zamani tulikuwa na sanduku lenye kufuli tatu, lakini tangu mwaka huu pesa zinakaa kwenye laini moja, na namba ya siri ninayo mimi. Tunagawana wiki ya pili ya Desemba. Nimewaza kuchukua 250,000 kwa siku moja tu, nilipe, nirudishiwe, nizirejeshe kabla ya mtu kujua. Wanachama wakiniuliza kuhusu mashine nasema iko njiani. Mume wangu akiuliza nasema inafanya kazi vizuri. Nina sketi 46 zinazosubiri kufungwa kingo, na meza ya kukatia nilikwisha kuitoa nje ili kupisha mashine. Nifanye nini?

Fundi, Arua

*

Mpendwa Dada Fundi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ile picha ya risiti nimeikuza mpaka herufi zikaanza kuvunjika. Mahali pa uzito pameandikwa kilo 4. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kichwa cha ovaloki peke yake, bila meza wala mota, mtu hukiinua kwa mikono miwili na kukitua kwa kuguna. Nadhani hicho ndicho alichokiona yule karani akakosa la kukuambia. Sikionyeshi ili nikuongezee majuto. Nakionyesha kwa sababu umejiita mjinga moyoni, kama ninavyosoma kati ya mistari, na ujinga sio ulioyafunga macho yako. Ulikuwa ukitafuta namba ya gari na siku ya kufika. Na yule aliyekukataza usiharakishe hakuwa na subira, dada yangu. Alikuwa kazini, naye anaijua kazi yake kama wewe unavyoijua ya sindano.

Kama nimekuelewa, pesa zako zilikwenda kwa safari mbili, umegonga mlango mmoja nusu, mlango wa pili umeugeuzia mgongo, na sasa uko mbele ya mlango wa tatu ambao umefunguliwa na mtu usiyemjua. Lakini swali ulilonitumia naona ni maswali mawili yaliyoshonwa pamoja: jinsi ya kuzipata pesa, na jinsi ya kuzipata bila mtu yeyote kujua. Ruhusu niyafumue, kwa sababu nahisi la pili ndilo limekuwa likikuchagulia njia katika la kwanza. Ulitaja 1,200,000 badala ya 1,380,000 kwa ajili ya siri. Uliondoka kituo cha polisi kwa ajili ya siri. Na mtu wa Kampala anakuvutia, nadhani, kwa kuwa ndiye peke yake anayeahidi kukulipa kimyakimya.

Basi tuanze na huyo, maana wengine wanaweza kusubiri na yeye atapiga tena. Umeandika kwamba zile 180,000 hukumwambia mtu yeyote. Kumbukumbu za kampuni ya simu zinazo, ndiyo, lakini wewe hukuzilalamikia, na zilikwenda kwenye namba tofauti. Sasa nakuuliza, wala si kwa kukusuta: ni nani mwingine aliyekuwa na sababu ya kuzijumlisha zile mbili akapata 1,380,000? Siwezi kuapa kwamba ni mtu yule yule aliyebadilisha sauti. Huenda ni mwenzake, au ni mtu aliyeuziwa namba yako, kwa maana aliyetapeliwa mara moja jina lake huwa bidhaa. Hata hivyo ofisi ya umma haikusanyi ada kwa laini ya mtu binafsi, na pesa iliyokwisha kuzuiwa kihalali haihitaji 250,000 zako ili ifunguliwe. Ukitaka kumpima, mwombe namba ya jalada na jina la kituo kilichomshika mwizi, kisha umwambie utakwenda huko mwenyewe pamoja na mtu mzima mwenzako. Hatari ya kumpima ni kwamba kila dakika unayoongea naye ni dakika yake ya kukuzungusha. Akikuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, hiyo ni funguo ya akaunti, na kwenye simu hiyo kuna pesa za watu.

Na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Leo wewe ni mtu aliyeibiwa. Ukigusa pesa za kikundi zisirudi, huyo bwana wa sauti ya heshima hatakuwepo Desemba kueleza kwamba ulikuwa na nia njema. Sikuhukumu kwa kuwaza hivyo. Nauliza tu kama umewahi kufikiri kwa nini waliobuni sanduku waliweka kufuli tatu na kuzigawa funguo kwa watu watatu. Hawakudhani wanawake hao ni wezi. Walijua kwamba kila mtu ana wiki mbaya katika mwaka, na kwamba katika wiki hiyo ni nafuu kutokuwa peke yako na ufunguo. Simu imekunyima nafuu hiyo. Unaweza kuomba, hata kabla ya kueleza lolote, kwamba namba ya siri ibadilishwe na mwanachama mwingine mbele ya kikundi, huku simu ikibaki kwako. Wataulizana kwa nini, hilo ni kweli, na pengine utalazimika kujibu mapema kuliko ulivyopanga.

Kuhusu yule mama wa kwenye picha, jibu umeliandika wewe mwenyewe na ukalipita haraka. Miaka ile ya 2018 wakimbizi wengi wa Rhino Camp na Imvepi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wenyeji, maana karatasi zao hazikukubaliwa na wauza laini, na wewe ulifanya kama majirani wengi walivyofanya. Wazia laini ile ya mteja wako imeuzwa mara mbili na leo iko mkononi mwa mtu anayeuza mashine zisizokuwepo. Wazia kijana fulani Masaka anatafuta picha yako. Inawezekana mama huyu ni mshiriki. Wapo wanaokodisha laini zao kwa ujira mdogo wakijua. Inawezekana pia ni bibi aliyepiga dole gumba mara mbili kwa wakala, ya pili ikisajili laini asiyoijua. Picha ikisambaa huwezi kuirudisha. Tena rafiki wa mpwa wako aliyeitoa amejiingiza katika Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na mpwa wako hayuko mbali naye. Jina hilo lina kazi nzuri zaidi likiandikwa katika maelezo ya polisi, ambako kuna mtu mwenye mamlaka ya kumwuliza.

Sasa pesa zenyewe. Mlango wa polisi una mambo mawili, la kutia moyo na la kuchosha. Ulaghai wa kielektroniki ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Ukiandikisha maelezo na kupewa namba ya kumbukumbu, wapelelezi wanaweza kuomba amri ya mahakama na kupata kutoka kampuni ya simu kile ambacho wewe na mpwa wako hamwezi kukipata kwa halali: pesa zilitolewa kwa wakala gani, saa ngapi, na simu hiyo iliwasiliana na nani. La kuchosha ni kwamba pesa za namna hii hutolewa ndani ya dakika chache baada ya kuingia, kwamba faili linaweza kukaa, na kwamba kati ya Arua na Kampala kuna karibu kilomita 500 ambazo mtu huzilipia nauli. Sikuahidi shilingi hata moja. Ila bila namba hiyo ya kumbukumbu, milango mingine mingi haifunguki hata kidogo. Kama unamwogopa askari anayemfahamu mume wako, si lazima maelezo yachukuliwe na yeye, na si lazima uende peke yako.

Kwa kampuni ya simu ningekushauri uandike barua badala ya kupiga simu, na barua hiyo itaje miamala yote miwili, namba zote mbili, tarehe, saa na namba za miamala kama zilivyo kwenye ujumbe. Tafadhali usizifute jumbe hizo hata kama kuziona kunakuumiza. Salio likiwa halipo hawawezi kulirudisha, lakini wanaweza kuifunga namba ya pili, ambayo huenda bado inapokea pesa za akina mama wengine wiki hii. Wasipokujibu unaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu ya Uganda, inayosimamia huduma hizi chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020, au Tume ya Mawasiliano kwa yale yanayohusu usajili wa laini. Utasikia pia habari ya madai madogo mahakamani, yasiyozidi shilingi milioni 10, ambayo hayahitaji wakili. Ni njia nzuri kwa mtu anayejua mdaiwa wake anaishi wapi. Wewe bado humjui, kwa hiyo iweke pembeni kwanza.

Yapo mawazo mengine uliyoyachukulia kama mambo yaliyokwisha kuamuliwa, nami sina hakika nayo. Unadhani wanachama wakijua watakuvua uweka hazina. Labda. Lakini wao hawajakuamini kwa kuwa hukosei kununua. Wamekuamini kwa kuwa hesabu zao hazijawahi kupungua, na mpaka leo ninapokuandikia hazijapungua. Mkopo wa 500,000 uliuchukua kwa njia ya haki, mbele ya wote, na unaweza kuomba muda wa kuulipa kama mwanachama mwingine aliyefiwa na ng'ombe. Uongo ndio utakaokuwa mgumu kuueleza, na kwa sasa uongo wenyewe ni mfupi: iko njiani. Kila Jumapili utaongezeka.

Kwa mume wako nitasema kwa uangalifu zaidi, kwa sababu simjui na wewe unamjua. Wake wa askari wetu wamekuwa wakishika nyumba peke yao tangu vikosi vya kwanza vilipokwenda Mogadishu mwaka 2007, na naamini hakuna nyumba hata moja kati ya hizo ambayo haijawahi kujiuliza habari mbaya ipelekwe lini kwa mtu aliye kwenye lindo. Unaweza kungoja arudi, ukaeleza mkiwa mmekaa pamoja. Hatari ni kwamba kambi ina midomo, na mpwa wako ana miaka ya kutotunza siri. Unaweza kumwambia sasa. Hatari ni hasira ya mbali ambayo haina bega la kuipoza, na akili yake kubaki Arua wakati anatakiwa kuwa macho. Wapo wanaopita katikati: humwomba kwanza saa yake ya mapumziko, humwambia watoto ni wazima, halafu husema jambo moja fupi, kwamba pesa za mashine zimepotea kwa tapeli na hatua zimeanza kuchukuliwa. Alikuonya, ndiyo. Unaogopa atakuuliza kwa nini hukusikia. Nashangaa kama swali litakalomuuma zaidi halitakuwa lile la mashine uliyomwambia inafanya kazi vizuri. Kama kwenye ndoa yenu kuna hofu nyingine ambayo hukuiandika, ya ukali au ya kipigo, basi niliyosema hapa juu uyaweke kando na uniandikie tena kabla ya kumwambia lolote.

Sikupangii lipi litangulie kati ya kikundi, polisi na mume. Naona tu kwamba popote utakapoanzia, ukiwa na mtu mmoja anayejua habari yote, pamoja na zile 180,000, yule wa Kampala atakuwa amepoteza nguvu zake nyingi. Mimi sasa ninajua. Lakini mimi niko kwenye karatasi. Ungehitaji mtu wa kukaa naye kibandani. Je, hakuna mwanamke mmoja kikundini aliyewahi kukuletea shida yake kwanza?

Halafu zile sketi. Kwa 500 kila moja, 46 ni shilingi 23,000, na wazazi waliolipa malipo ya kwanza hawana habari na ugomvi wenu wa mwezi wa nane. Fundi jirani anayo mashine leo, na wewe una kazi leo. Ukimpelekea, huna haja ya kumweleza lolote kuhusu Kampala. Na ile meza ya kukatia irudishe ndani kabla mvua za mwezi huu hazijaipinda mbao.

Mshauri wako